Gunia la Kadi Chafu

Mektrida alikuwa na kinyaa tangu utotoni, na kinyaa chake kilijulikana Marangu nzima, kuanzia barabara ya lami hadi kule juu msitu unakoanzia. Harusini alikwenda na kata yake mwenyewe ya kunywea pombe ya mbege, ameifunga kwenye kanga, kwa sababu, alisema, midomo ya watu haina cheti. Akikaribishwa chai kwa jirani alikinusa kikombe kwanza, mbele ya mwenyewe, bila haya. Akimwona nzi mmoja juu ya nyama, nyama hiyo kwake ilikuwa ya mbwa. Watu wakamwita Mama Kinyaa, naye akaitika. "Bora kinyaa kuliko kuhara," aliwajibu, na hapo mazungumzo yakaisha.

Ndiyo maana parokia ilipotafuta mtu wa usafi, miaka ile ya sabini, haikuhangaika. Mektrida alipiga deki kanisani mpaka waumini wakaona aibu kukanyaga na viatu. Vyoo vya parokia ungeweza kukaa humo ukasoma gazeti. Kilikuwepo chumba kimoja tu ambacho hakukigusa, nacho ni stoo ya nyuma ya sakristia. Ufunguo wa stoo hiyo alikuwa nao yeye mwenyewe, umetundikwa kwenye msumari nyumbani kwake, na mle ndani mlikuwa na kitu alichokitaka kuliko chochote duniani. Lakini mlikuwa na panya.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1961, Mektrida akiwa msichana wa miaka kumi na saba, katekista mmoja aitwaye Wenseslaus alijitwika kazi ambayo hakutumwa na mtu. Alitaka kuyaandika maneno ya zamani ya Kichagga cha upande ule wa mlima, kabla kina bibi hawajaondoka nayo. Macho yake yalikuwa yameanza kuzimika, kwa hiyo akamwomba Mektrida, aliyekuwa na mwandiko mzuri wa shule ya masista, awe mkono wake. Kila alasiri walikwenda nyumba moja, katekista mbele na fimbo, Mektrida nyuma na boksi la kadi. Kila kadi ilibeba neno moja, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja jinsi mama mwenye nyumba alivyoitamka.

Nyumba ya tatu wakapata kizingiti. Bibi wa pale aliweka mkono juu ya boksi akauliza, "Haya maneno yangu mtayachanganya na ya yule?" Yule ni jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, ambaye walikuwa hawasalimiani naye tangu vita vya Wajerumani. Katekista hakubishana naye. Alimwambia akakate isale.

Isale ni mmea wa ukingoni. Mchagga hulipanda kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba la nyumbani, na likishasimama hapo hakuna wa kulivuka kwa jeuri. Isale hilohilo ndilo la kuombea msamaha: ukimkosea mtu, unakata isale la kwenu, unalifunga fundo, unampelekea, naye hata awe na hasira ya nyati, hawezi kukukatalia. Basi bibi akakata jani moja bichi, Mektrida akaliandika jina la bibi kwa ncha ya mwiba, wakalilaza juu ya kadi za nyumba ile kama mpaka. Kutoka siku hiyo kila nyumba ilitoa isale lake, hata zile mbili za kwanza. Zilikuwa nyumba arobaini na tatu, na masale arobaini na matatu. Kwenye kadi zenyewe jina halikuandikwa. "Jina linakaa mpakani," alisema katekista, na wino nao ulikuwa wa shida.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwao Mektrida. Mama yake, Dominika, alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, anamenya ndizi mshare za mtori. Hakujua kusoma. Kila Mektrida alipomaliza kadi, mama alinyoosha mkono. "Nipe niishike." Akaishika, akaigeuza, akaitazama kama watu wanavyomtazama mtoto mchanga kutafuta amefanana na nani, kisha akairudisha. "Haya, andika lingine." Kadi moja baada ya nyingine, alasiri nzima, mpaka katekista akasinzia na kofia yake usoni. Alipochoka kusema, mama aliosha mikono, akaenda kwenye kona ya mpaka karibu na mfereji, akakata isale, na Mektrida akachora juu yake: DOMINIKA.

Miaka miwili baadaye Dominika alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Hakuacha picha, maana ni nani angempiga picha mama wa kihamba siku hizo? Kanga zake ziliisha kwa kufungia watoto. Katika dunia nzima, kitu pekee kilichobaki cha Dominika ni maneno yake ndani ya boksi moja, chini ya jani moja. Katekista alipofariki mwaka 1974 alimwachia Mektrida ufunguo wa stoo yalimokuwa maboksi. "Iko siku nitaingia," Mektrida alijiambia mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mara aliweka sikio mlangoni, akasikia vile vinyama vinakimbizana ndani, mwili ukamsisimka, akatema mate, akaondoka. Miaka ishirini na minne! Mama mzima ameachiwa panya kwa sababu binti yake anaogopa mavi yao. Hilo nalo lilimtia kinyaa, ila kinyaa hicho hakuwa na pa kukitemea.

Ikafika 1998. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka watu wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, vijana wanapanda mlima na mizigo ya Wazungu kichwani, na kila aliyejua kuongea vizuri alikuwa na kitu kinaitwa mradi. Wa Dokta Valerian ulikuwa mradi wa kamusi ya Kichagga cha kale. Alikuwa mwalimu wa chuo kimoja huko Dar, mzaliwa wa Rau hapo Moshi mjini, mwanamume wa miaka arobaini na kitu mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata sakristia. Alikuja na gari jeupe na wanafunzi wanne, wote wamevaa fulana za njano zilizoandikwa mgongoni MWACHA MILA NI MTUMWA. Walikuwa wazipange zile kadi, waziingize kwenye kompyuta, na siku ya Jumamosi wafadhili waje kuziona. Paroko aliposikia neno wafadhili alianza kuangalia bati lake bovu la kanisa kwa matumaini.

Mektrida alikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Alikuwa na aibu, lakini furaha ilizidi. Hatimaye wamekuja wasio na kinyaa. Watafungua, watasafisha, naye ataomba aketi na boksi la mama yake hata saa moja tu. Alijaribu kueleza.

"Dokta, zile kadi zina mpangilio wake. Humo ndani utakuta..."

"Mama yangu, mpangilio ndiyo kazi tuliyosomea," alisema Valerian, miwani usoni. "Wewe utusaidie kwenye usafi."

Haya. Msomi amesema.

Mlango ulipofunguliwa, ile harufu haikutoka, ilirukia watu. Mkojo wa panya wa miaka ishirini na minne, Yesu na Maria! Sakafu ilikuwa nyeusi kwa mavi yao, mende walitembea ukutani kama wamelipa kodi, na juu ya boksi la kwanza alilala panya mmoja aliyekauka, meno nje. Mektrida alikimbia mpaka chini ya mparachichi, akatapika uji wote wa asubuhi. Wanafunzi walijifunga leso puani na kuingia. Kwa hilo aliwaheshimu, na heshima hiyo ilidumu mpaka saa saba mchana.

Saa saba walikula. Walikula mlemle! Walituma chipsi mayai zikaja kwenye mifuko ya plastiki, wakaziweka juu ya maboksi, mafuta yanavuja, huku wanacheka na kupiga soga za Dar. Mmoja wao, Tito, kijana wa Sanya Juu, Mchagga kwa baba na kwa mama, alimaliza kula, akaangalia vidole vyake vyenye tomato sosi, akachukua kadi, akajipangusia. Mektrida alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"We kijana! Kwenu mnapangusia mikono vitabu?"

"Ah, samahani mama. Hii ilikuwa imeshachafuka."

"Na wewe ukaona uimalizie."

Wenzake walicheka, isipokuwa msichana mmoja aitwaye Pamela, aliyeichukua ile kadi na kujaribu kuifuta kwa mkono wa fulana yake. Mektrida aliondoka na ndoo yake. Panya alimwona afadhali, maana panya hakwenda shule.

Kila saa kumi jioni walimletea uchafu wa siku: ndoo mbili na kiroba, umefagiliwa wote pamoja, mavi, viota, mende waliokufa, majani makavu, makaratasi ya chipsi. Mektrida alivipokea mkono umenyooka, uso ameugeuzia Kenya, pindo la kanga puani. Alivimwaga shimoni nyuma ya vyoo, akanyunyiza mafuta ya taa, akawasha kiberiti bila kutazama chini, kisha akanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya mche. Jumatatu alichoma, na Jumanne akachoma tena.

Jumatano asubuhi aliitwa kupiga deki ndani, maana sakafu sasa ilionekana. Akaingia. Maboksi yalikuwa matupu, yamerundikwa kona moja. Kadi, karibu zote elfu tatu na ushei, zilikuwa kwenye meza ndefu kwa mafungu, na kila fungu limewekewa herufi kubwa: A, B, CH, D. Kila kadi mwandiko wa Mektrida. Alitafuta kwa macho, meza nzima, chini ya meza, juu ya kabati.

"Masale yako wapi?" aliuliza.

"Masale gani, mama?" Pamela aliinua kichwa.

"Yaliyokuwa juu ya kadi. Kila nyumba ilikuwa na isale lake."

Pamela alimtazama Tito. Tito akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyekumbuka kichekesho.

"Yale majani makavu? Si yalikuwa takataka, mama! Tuliyatia kwenye ndoo. Wewe mwenyewe umeyachoma juzi."

Mektrida aliacha deki palepale, akaenda shimoni, akapiga magoti. Alichopoa kwa kijiti. Majivu. Majivu, na kopo la sosi, na mkia wa panya usioungua sawasawa. Mkono wake ndio uliowasha. Angetazama chini mara moja tu, mara moja, angeyaona majina kwa mwandiko wake mwenyewe. Lakini alikuwa ameugeuza uso, bibi usafi, malkia wa sabuni! Alijitemea mate kifuani.

Aliporudi, Pamela alikuwa amesimama mlangoni. Mektrida alimweleza yote, kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyoeleza msiba: nyumba arobaini na tatu, majina kwenye mipaka, mama yake. Binti alizidi kuwa mdogo ndani ya fulana yake.

"Lakini mwandiko..." alisema. "Si tunaweza kuzitambua za mama yako kwa mwandiko?"

"Zote niliandika mimi, mwanangu. Zote elfu tatu."

Basi alisubiri watoke kwenda kunywa chai, akafunga stoo, akauchomoa ufunguo mlangoni, akaufunga kwenye pindo la kanga mafundo mawili, na akaenda kwake kumkatia ng'ombe majani.

Jamani, kelele zilizopigwa! Valerian alipiga simu kutoka ofisi ya parokia mpaka mashine ikapata moto. Alhamisi paroko alimtumia ujumbe, kisha akaenda mwenyewe, akamkuta Mektrida anafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. "Mektrida, wageni ni keshokutwa." "Ndiyo, padre." "Na bati la kanisa unalijua." "Nalijua, padre, ndilo linalonivujia ninapopiga deki." Paroko akarudi alivyokuja. Watu wa mlima wanajua kwamba Mektrida akisema ndiyo mara mbili maana yake ni hapana.

Ijumaa, jua limeshapanda, Dokta Valerian alionekana kwenye kijia kati ya migomba. Pamela alikuwa nyuma yake. Dokta alikuwa amevua miwani. Mikononi, amelishika kwa heshima kama mtu aliyebeba Ekaristi, alikuwa na isale bichi, limefungwa fundo.

"Shikamoo mama," alisema. Wiki nzima alikuwa anasema habari yako.

"Marahaba."

"Nimekuja kimila. Nimekukosea, na wanafunzi wangu wamekukosea. Nimeleta isale."

Kina mama wawili waliokuwa wanapita na mikungu ya ndizi walisimama. Jambo la isale si la kupitwa. Mektrida alihisi kifua kinalegea, hata kama hakutaka, maana mila ni mila: kwao hakuna aliyewahi kulikataa isale na akafa vizuri. Alipangusa mikono kwenye kanga, akainyoosha kulipokea. Ndipo alipoliona shina lake. Lilikuwa bado linatoa maji. Akageuza shingo taratibu akatazama kona ya mpaka wake, pale karibu na mfereji, kwenye kile kishada alichokikuta tangu azaliwe. Kilikuwa na jeraha jipya jeupe, na udongo umekanyagwa kwa viatu vya ngozi.

"Isale hili umelitoa wapi, Dokta?"

"Hapo... njiani, mama."

"Njiani wapi?"

Pamela alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Hapo chini, kwenye kona."

"Hiyo kona ya nani?"

Dokta alitazama kona, akamtazama Mektrida, akaanza kuelewa. Elimu yake ilichelewa lakini ilifika.

"Huo ni mpaka wangu!" Mektrida alipaza sauti. "Umevuka mpaka wangu, umeniibia isale langu, ukalifunga fundo, ukaniletea mimi uniombe msamaha! Ala! Mtu anakuibia kuku halafu anakuja kukuomba radhi kwa supu yake!"

Mama mmoja alishusha mkungu chini ili acheke vizuri.

"Isale la msamaha linakatwa kwenu. Kwenu ni wapi?"

"Rau, mama."

"Rau hakuna masale?"

"Kihamba cha babu kilikuwa huku juu. Mzee alikiuza. Kule Rau tumejenga ukuta."

Alilisema polepole, na kwa mara ya kwanza alifanana na mtoto wa mtu. Mektrida nusura amwonee huruma. Lakini aliikumbuka ile fulana, maandishi yale mgongoni, na roho ikamchafuka upya.

"Basi nenda kavunje tofali moja, ulifunge fundo, uniletee."

Hapo mila ya Dokta ikafika mwisho. Alivaa miwani yake. "Ufunguo ni wa parokia, mama, si wako. Usipofungua leo, kesho asubuhi tunavunja mlango." Aliliachia isale likaanguka kwenye nyasi, akashuka kwa hatua ndefu, akateleza kwenye mfereji, akainuka bila kutazama nyuma. Kina mama wa mikungu walimsindikiza kwa vicheko mpaka barabarani.

Pamela hakumfuata.

"Na wewe?" Mektrida aliuliza. "Unataka nini tena? Unaomba kwa isale la nani?"

"Sina isale, mama. Nina gunia."

"Gunia gani?"

"La kadi chafu. Dokta alisema wafadhili wasione kadi zenye madoa, maneno yake yatakuwa yamo kwenye kadi nyingine safi. Kwa hiyo tulizichambua, zote zenye madoa tukazitia kwenye gunia. Alituagiza tukukabidhi ulichome. Panya walizaa humo juzi, mama. Linanuka vibaya sana. Ila nikasema, yale ya kwanza uliyachoma bila kuangalia. Hili uangalie."

Neno hilo lingekuwa limetoka kwenye mdomo wa Tito, angemzaba kofi. Kutoka kwa huyu binti lilikuwa kweli tupu, na kweli haina pa kupigwa. Mektrida aliinama, akaokota isale lake nyasini, maana halistahili kukanyagwa, akalichomeka kiunoni kwenye kanga, akatangulia.

Gunia lilikuwa kona ya stoo, la katani, limeandikwa CHAFU kwa kalamu nene. Chini lilikuwa limelowa. Vitoto vya panya, vyekundu, bila manyoya, vilikuwa vinajinyonganyonga mdomoni mwa gunia. Pamela alivitoa kwa kipande cha boksi, akaenda kuvitupa, akarudi na glavu za mpira za mradi.

"Vaa hizi, mama."

Lakini Mektrida alikuwa ameshasimama mbele ya gunia na kanga puani, uso umeshaanza kugeuka wenyewe kuelekea ukutani, kama ulivyozoea miaka yote. Alijiuma mdomo, akaurudisha uso. Akaingiza mkono mtupu mpaka kiwiko, kwenye ule uvuguvugu na ule unyevu, akatoa kadi moja.

Neno la kamba ya kufungia ndama. Mwandiko wake wa miaka kumi na saba. Na pembeni, kulia, doa jeusi kama wino, umbo la kidole gumba, na mistari yake yote inaonekana.

Akatoa nyingine. Neno la ndizi iliyoivia mgombani. Doa, palepale, kulia. Akatoa nyingine, na nyingine. Moja ilikuwa na sosi ya Tito, akaitupa pembeni. Nyingine ilikuwa na mkojo tu. Lakini iliyofuata ilikuwa na kidole gumba, na iliyofuata, na tano zilizoshikana pamoja, kidole gumba, kidole gumba.

"Ni uchafu gani huu, mama?" Pamela aliuliza. "Tulijaribu kufuta kwa raba, haukutoka."

"Hautatoka. Ni utomvu wa ndizi. Ukiwa mbichi huuoni, ni kama maji. Unakuja kuwa mweusi baadaye, na ukishakuwa mweusi hata jiki haiuwezi. Kila mwanamke wa huku ana kanga moja iliyoharibiwa nao." Aliinua kadi karibu na dirisha. "Alikuwa anamenya ndizi. Alisema, nipe niishike. Kila kadi. Hakuna mwingine aliyezishika, wote walisema maneno tu wakaniachia. Mimi nilizifunga siku ileile zikiwa bado safi. Sikuwahi kuona."

Pamela aliweka mkono mdomoni.

Wazembe wale, kwa kinyaa chao cha kisomi, walikuwa wamepitia kadi elfu tatu moja moja, wakamtafuta Dominika kwa uaminifu ambao hata binti yake asingeuweza, wakamkusanya mzima mahali pamoja, wakamwandikia CHAFU. Mektrida aliweka kidole gumba chake juu ya kile cheusi. Kilikuwa kikubwa kuliko chake. Hakulijua hilo, alikuwa ameshasahau kwamba mama yake alikuwa na mikono mikubwa. Akalia hapohapo, na makamasi, bila kutafuta leso.

Alipomaliza, alilifungua fundo la Dokta kwenye lile isale, akavunja mwiba kwenye waridi la nje ya sakristia, akachora herufi nane juu ya jani bichi. DOMINIKA. Lilikuwa limetoka kwenye kishada kilekile. Akalilaza juu ya kadi, akaufunga mdomo wa gunia kwa kitambaa cha deki.

"Ufunguo huu hapa," alimwambia Pamela. "Mpe Dokta, mwambie mlango uko wazi. Aliagiza gunia hili niliondoe, nimeliondoa."

"Na zile nyumba nyingine, mama? Arobaini na mbili?"

"Hizo mmeziua. Kila mwenye mama yake atakuja kuwauliza, mumjibu nyie." Kisha akalegeza sauti kidogo. "Wewe Jumapili njoo nyumbani. Nitakuonyesha isale likiwa kavu linafananaje. Na uoge kwanza, unanuka."

Alilitwika gunia kichwani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na sehemu iliyolowa ilimkalia utosini, ikaanza kumchuruzikia sikioni. Alipanda nalo kijia, polepole, mkono mmoja juu. Wale kina mama wa mikungu walikuwa bado wapo kando ya mfereji, wanamalizia kucheka habari za Dokta. Harufu iliwafikia kabla yake, wakaziba pua.

"Mama Kinyaa!" mmoja alipiga kelele. "Leo ni wewe? Umebeba nini kinachonuka hivyo?"

"Nimembeba mama," alisema Mektrida, na akapita.